Unasafiri peke yako? Kagua mlango wa hoteli kabla ya bei

Dar es Salaam. Barua ya rufaa ipo mkononi, tarehe ya kliniki imepangwa na nauli imepatikana. Swali linaloachwa mwisho, na mara nyingi kujibiwa mtu akiwa tayari ndani ya basi, ni hili: utalala wapi?

Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya nakutana na wanawake wengi waliokuja jijini peke yao. Yupo aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, yupo anayefuata matibabu ya saratani Ocean Road, yupo muuguzi aliyeitwa kwenye semina ya siku tatu na yupo binti aliyemaliza chuo anayekwenda kwenye usaili wa kazi. Wengi wanajua mapema jina la daktari au ofisi wanayokwenda. Hoteli wanaiulizia stendi.

Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa mzazi anayebaki nyumbani akiangalia simu kila baada ya dakika tano. Nazungumzia hoteli za bei ya kati, zile za kati ya Sh50,000 na Sh150,000 kwa usiku. Hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia, na hapo ndipo tofauti kati ya hoteli na hoteli ni kubwa kuliko bei inavyoonyesha.

Chumba cha Sh60,000 chenye komeo imara na mapokezi yenye mtu usiku kucha ni salama kuliko cha Sh140,000 chenye runinga kubwa na kitasa kilicholegea. Nyota nazo husaidia kiasi tu. Wizara ya Maliasili na Utalii hupanga hoteli kwa nyota kwa kutumia vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini hoteli nyingi ndogo za mjini hazina nyota yoyote, na nyota haikuambii nani ana ufunguo wa pili wa chumba chako.

Kwani shangazi yako hayupo?

Mzazi akisikia binti yake atalala hotelini, mara nyingi hilo ndilo swali lake la kwanza. Ni swali zuri. Kwa ndugu kuna chakula, kuna mtu wa kukusindikiza na hakuna bili.

Lakini Dar es Salaam ni pana. Shangazi akiwa Chanika au Bunju na kliniki ikiwa Upanga saa 1:00 asubuhi, mgonjwa ataondoka nyumbani alfajiri, giza bado, akatafute daladala. Mwanamke aliyetoka kwenye mionzi amechoka, anahitaji kulala mchana na choo cha karibu usiku. Aliyefanyiwa upasuaji anahitaji faragha ya kusafisha kidonda. Kulala sebuleni kwenye nyumba ya watu tisa, hata wenye upendo, kunaweza kumrudisha nyuma.

Lipo pia jambo ambalo familia nyingi hatulisemi. Si kila nyumba ya ndugu ni salama kwa binti. Binti akisema, "Mama, kwa mjomba sitaki kulala," usimwambie anaringa, wala usimlazimishe kwa sababu ya heshima ya ukoo. Muulize taratibu, mkiwa wawili, na umsikilize. Wakati mwingine gharama ya hoteli ni ndogo kuliko gharama ya kumnyamazisha.

Ndugu anaweza kubaki na nafasi yake hata hivyo. Apewe jina la hoteli, aje kumwona mgonjwa mchana, awe ndiye mtu wa kwanza kupigiwa simu usiku.

Anza na saa ya kufika

Kabla ya kutafuta hoteli, jiulize utafika saa ngapi. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku na mchana, abiria wengi hushuka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, saa nane au saa tisa usiku. Kituo hicho kipo zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta. Hoteli nzuri ya Kisutu haitakusaidia kama kuifikia lazima upande bodaboda ya mtu usiyemjua saa tisa usiku ukiwa na begi na pochi ya dawa.

Ukiweza, chagua basi linalofika kabla ya jua kuzama. Treni ya umeme inayotoka Dodoma na Morogoro inakushusha katikati ya jiji, na hilo ni jambo la kuliweka kwenye hesabu pamoja na nauli. Ikishindikana, usiku wa kwanza lala karibu na kituo kwenye hoteli uliyoipigia simu mapema, kisha asubuhi uhamie karibu na hospitali au ofisi unayokwenda.

Uliza pia siku ya hoteli inaanza saa ngapi. Hoteli nyingi hutaka mgeni atoke saa nne asubuhi na kupokea wapya kuanzia saa nane mchana. Ukifika saa kumi alfajiri unaweza kulipishwa usiku mzima kwa saa sita tu, halafu ukadaiwa tena. Nyingine hukuruhusu kuingia mapema kwa nyongeza kidogo. Mapatano hayo yafanyike kwa simu, siyo ukiwa umesimama kaunta na usingizi.

Mtaa uutazame kwa jicho la usiku

Mtaa unaochangamka saa sita mchana unaweza kuwa mwingine kabisa saa mbili usiku. Sehemu za Kariakoo zina watu wa kubanana mchana, na maduka yakifungwa baadhi ya vichochoro hubaki na giza. Mitaa kama Sinza ina hoteli na loji nyingi za bei nafuu, na pia ina baa nyingi. Si kwamba maeneo hayo ni mabaya. Ni kwamba hoteli mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana, moja ikiwa barabara kuu yenye taa na duka la dawa linalokesha, nyingine ikiwa mwisho wa uchochoro.

Kwa anayekwenda Muhimbili, ambako pia zipo Taasisi ya Mifupa MOI na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Upanga na maeneo ya jirani yanapunguza safari. Ulizia umbali kwa miguu, si kwa maneno ya "ni hapo tu". Mwambie mtu wa mapokezi akutajie kitu kilicho jirani: kituo cha mwendokasi, benki, msikiti, kanisa, kituo cha mafuta. Kisha tazama ramani kwenye simu kama kweli vipo.

Kuna swali moja linalofichua mengi, nalo unaliuliza bila aibu: "Hapo mna bei ya kupumzika na bei ya kulala?" Sehemu yenye bei ya kupumzika inapangisha vyumba kwa saa. Watu huingia na kutoka usiku kucha, shuka hubadilishwa haraka haraka na mwanamke aliye peke yake kwenye korido anaweza kudhaniwa vingine. Kama una chaguo jingine, lichukue.

Piga simu kabla ya kulipa

Picha za mtandaoni hupigwa siku chumba kilipokuwa kipya. Soma maoni ya wageni, ukianza na ya karibuni, na utafute yaliyoandikwa na wanawake. Malalamiko ya chai kuwa baridi yaache. Yanayotaja kitasa kibovu, mhudumu aliyeingia bila kubisha hodi au muziki wa baa hadi alfajiri ndiyo ya kuyapa uzito.

Kisha piga simu, na uipige usiku, kama saa nne hivi. Ikipokelewa na mtu mwenye adabu na majibu, umejua kuna mtu macho usiku. Muulize haya:

- Mapokezi na mlinzi wapo usiku kucha?
- Milango ya vyumba ina komeo la ndani, mbali na kitasa?
- Mna chumba ghorofa ya kwanza au ya pili, kisicho chini kabisa wala mwisho wa korido?
- Kuna baa au ukumbi wa muziki ndani ya jengo?
- Umeme ukikatika, jenereta inawaka yenyewe, na imewekwa wapi?
- Mgeni wa nje anaruhusiwa kupanda vyumbani bila mwenye chumba kupigiwa simu?

Ghorofa ya chini dirisha lake linafikiwa na yeyote, na ghorofa ya juu sana ni mbali kutoroka moto ukitokea. Jenereta chini ya dirisha si suala la kelele pekee. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaweza kumuua mtu akiwa usingizini.

Kuhusu malipo, kuwa macho. Wapo matapeli wanaotumia picha za hoteli halisi na kuomba "elfu thelathini ya kushikia chumba" kwenye namba binafsi. Chukua namba ya hoteli kutoka zaidi ya sehemu moja, na kabla ya kuthibitisha muamala soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa jina la mtu na si la hoteli, simamisha malipo na upige tena. Omba uthibitisho wa maandishi wenye bei, tarehe na jina la aliyekuhudumia.

Kaunta ya mapokezi

Hoteli nyingi zina daftari la wageni: jina, namba ya simu, unakotoka, unakokwenda, na mengine bado yana safu ya kabila. Kuandikishwa ni utaratibu wa kawaida. Tatizo ni daftari kuachwa wazi kaunta, kila anayepita akisoma kwamba fulani, mwanamke, yupo chumba namba fulani na simu yake ni hii.

Unaweza kusema kwa heshima, "Dada, naomba uniandikie wewe, halafu ulifunge." Namba ya chumba ikitajwa kwa sauti mbele ya watu, omba kubadilishiwa chumba. Dada wa mapokezi anayejua kazi yake atakuelewa, na mwingine atakuandikia namba kwenye karatasi bila kuambiwa. Hoteli ya namna hiyo hifadhi namba yake.

Utaulizwa pia, "Uko peke yako?" Mara nyingi ni swali la kupanga bei na chai ya asubuhi. Likiulizwa na mtu asiyehusika, huna deni la jibu. "Nasubiri wenzangu" linatosha. Mwanamke anayelala hoteli peke yake hajafanya jambo la kuelezea, na hoteli inayomtazama kwa jicho la tuhuma haistahili fedha yake.

Dakika tano ndani ya chumba

Usilipe kabla ya kuona chumba. Kuomba kuona ni kawaida, na mhudumu akikuambia "lipa kwanza", ondoka. Ukiingia, acha mlango wazi na mhudumu asimame nje, kisha kagua kwa mpangilio huu.

Mlango. Ufunge, zungusha ufunguo, sukuma komeo, kisha vuta kwa nguvu. Tazama fremu kama ina alama za kuvunjwa na kupigiliwa upya. Kama kuna mlango wa pili unaounganisha na chumba cha jirani, hakikisha umefungwa kwa ndani, au omba chumba kingine. Wasafiri wazoefu hubeba kabari ndogo ya mbao au mpira ya kuweka chini ya mlango. Haina gharama na inaingia kwenye begi la mkono.

Dirisha. Lifunge lote, pamoja na lile dogo la bafuni. Nondo huzuia mwizi, lakini ziangalie kwa jicho la pili: moto ukiwaka koridoni, utatokea wapi? Toka nje, tafuta ngazi na uhesabu milango kutoka chumbani hadi hapo. Kwenye moshi mzito hutaona kitu, utahesabu kwa mkono. Mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli ni sababu tosha ya kutafuta hoteli nyingine.

Bafu. Fungua maji uone kama yanatoka. Kwenye shawa ya umeme angalia nyaya zilizo wazi. Tazama pia kitasa cha bafu, kioo na matundu yasiyo na kazi ukutani. Kamera za ulinzi mahali pake ni getini, mapokezi na koridoni, kamwe si chumbani.

Kitanda. Funua shuka uone godoro, hasa kwenye mishono, kama kuna madoa meusi madogo ya kunguni. Chandarua kisiwe na matundu. Mbu wa malaria huuma usiku, lakini wa homa ya dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana. Kwa mgonjwa anayelala mchana baada ya matibabu, chandarua kishushwe hata jua likiwa kali.

Kisichokuridhisha kiseme hapo hapo. Kwa kuwa hujalipa, bado una nguvu ya kukataa.

Usiku ukiingia

Mtu akibisha hodi na hukumwita, usifungue. Hata akisema ametumwa kurekebisha kiyoyozi, piga simu mapokezi uulize. Kama kweli yupo kazini, anaweza kurudi asubuhi. Kwa hiyo namba ya mapokezi iwe imehifadhiwa kwenye simu yako kabla hujalala, na simu iwe na chaji.

Chakula cha jioni kula mapema au agiza hotelini. Usafiri uitwe kwa programu ya simu au na mapokezi, na namba ya gari uitume kwa ndugu. Fedha na vyeti vya hospitali vigawe sehemu mbili. Ukitoka, ufunguo uache mapokezi kama ndiyo taratibu, lakini dawa, simu na kitambulisho utembee navyo.

Likitokea la kutokea

Polisi wanapatikana kwa 112 na Zimamoto na Uokoaji kwa 114. Ziandike kwenye karatasi pia, maana simu inaweza kuibwa. Kwenye vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, ushauri na huduma ya polisi hupatikana sehemu moja.

Mwanamke akibakwa, muda ni dawa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi, kisha huendelea kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku tano, navyo hufanya kazi zaidi vikiwahiwa. Ikiwezekana asioge wala kufua nguo alizokuwa amevaa kabla ya kuonwa na daktari, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Lakini hata kama ameshaoga, aende. Matibabu hayazuiliwi na hilo.

Mzazi ukipigiwa simu ya namna hiyo, usianze na "kwa nini ulilala hoteli?" Neno la kwanza liwe, "Uko wapi, nani yuko nawe?" La pili liwe hospitali. Maswali mengine yatasubiri. Binti anayeogopa kugombezwa anaweza kunyamaza siku nne, na saa 72 zitakuwa zimepita.

Kwa anayebaki nyumbani

Usipige simu kila saa. Kubalianeni nyakati tatu: akifika hotelini, kabla ya kulala na akiamka. Akifika akutumie jina la hoteli, mtaa na namba ya simu ya mapokezi. Namba ya chumba aitume kwa mtu mmoja tu, si kwenye kundi la familia la WhatsApp lenye watu hamsini. Picha za hoteli aziweke kwenye hali yake akishaondoka.

Kubalianeni pia neno la siri, la kawaida kabisa, kama "mmewalisha kuku?" Akilituma, mjue anahitaji msaada na hawezi kuzungumza.

Kama wewe ndiye mama unayesafiri na watoto ndio wanaobaki, utaratibu ni huo huo. Mwachie mtoto mkubwa au jirani majina na namba hizo. Watoto nao hulala vizuri wakijua mama amelala wapi.

Mwisho, weka akiba ya fedha ya usiku mmoja wa ziada, hata kama ni Sh60,000 zilizokunjwa mbali na nyingine. Fedha hiyo ndiyo inayompa mwanamke uwezo wa kusimama mbele ya chumba asichokiamini, saa mbili usiku, akarudisha ufunguo na kusema, "Asante kaka, naenda kutafuta kwingine." Anayekosa akiba hiyo atalala pale pale, mlango ukifunga au usifunge.